Regulations.gov: tovuti nzuri ya kuona nani anamsukuma nani serikalini, ila kwa kutoa maoni punguza matarajio

Wadau habari zenu. Leo sichambui simu wala king'amuzi, nachambua huduma ya serikali, tena serikali ya watu wengine kabisa. Regulations.gov ni tovuti ya serikali ya Marekani ambapo idara na mamlaka zao zinabandika rasimu za kanuni halafu mtu yeyote anaingia anatoa maoni kabla kanuni haijapita. Ni bure, hakuna kufungua akaunti, hakuna kuombwa namba ya kitambulisho, na hawaulizi kama wewe ni raia wao. Najua kuna mtu ashaanza kusema sasa sisi inatuhusu nini hiyo, subiri, nikifika kwenye mitumba utaelewa.

Kwanza niweke sawa kitu kimoja maana wengi tunadhani sheria ikishatoka bungeni yameisha. Kule Kongresi inapitisha sheria ambayo mara nyingi ni maneno ya jumla tu, hewa iwe safi, dawa ziwe salama, benki zisicheze kamari, halafu inawaachia watendaji waseme sasa hiyo safi ni moshi kiasi gani, na hiyo kamari inaanzia wapi inaishia wapi. Hizo "kiasi gani" ndo kanuni zenyewe, na zinaandikwa na wafanyakazi wa serikali ambao hakuna aliyewapigia kura. Kinachowabana ni sheria ya mwaka 1946, inaitwa Administrative Procedure Act, aliisaini Truman, inasema ukitaka kutunga kanuni utangaze rasimu kwenye gazeti la serikali, Federal Register, upokee maoni ya wanaohusika, na ukitoa kanuni ya mwisho ueleze msingi wake. Kabla ya intaneti maana yake ilikuwa unaandika barua unapeleka posta, na ukitaka kujua wenzio wameandika nini ufunge safari hadi Washington kwenye chumba cha majalada ukapekue makaratasi. Januari 2003 wakafungua hii tovuti. Miaka mingi ilikuwa chini ya EPA, mamlaka yao ya mazingira, 2019 ikahamia GSA ambayo inashughulika na majengo, manunuzi na mifumo ya serikali.

Kwa matumizi ya kawaida iko poa. Walibadilisha muonekano 2021, siku hizi ukifungua unakuta sehemu ya kusachi katikati na basi, haikupigii kelele. Unaandika neno, inakuletea vitu vya aina tatu, majalada, nyaraka na komenti, na hapo ndo mgeni anapotea. Jalada ni folda ya suala zima, ndani yake kuna rasimu, tafiti ambazo idara imezitegemea, barua, na komenti zote. Ushauri wangu usisachi neno, neno litakuletea maelfu ya vitu ambavyo havihusiani, tafuta namba ya jalada, inaanza na kifupi cha idara halafu mwaka halafu tarakimu, ukishakuwa nayo umefika. Kuna kichujio cha kuona zipi zinafungwa siku chache zijazo, na unaweza kujiandikisha upate imeili jalada likiongezwa kitu. Hiyo ya imeili naipenda sana, inakuokoa na kurudi rudi kuchungulia.

Kutuma maoni kwenyewe ni dakika chache. Kisanduku kinachukua herufi 5,000, ukiwa na mengi unaambatanisha mafaili, hadi 20, kila moja lisizidi MB 10. Unachagua unaandika kama mtu binafsi, kama taasisi au bila jina. Ukimaliza unapewa namba ya kufuatilia, itunze, kwa sababu komenti haitokei hapohapo, idara inaipitia kwanza na kila idara ina utaratibu wake wa nini ianike na lini. Wengine wakipokea barua elfu hamsini zinazofanana wanabandika moja tu na kuandika idadi, wengine wanazibandika zote, kwa hiyo ile namba ya komenti unayoiona kwenye jalada usiichukulie kama matokeo ya kura, ntarudi hapo. Na kasoro nyingine ya kimsingi, sio serikali yote imo. FCC wanaosimamia mawasiliano wana mfumo wao, SEC wa soko la mitaji wana wao. Jina linakuahidi kanuni zote halafu ukienda kutafuta mambo ya intaneti hukuti kitu, mtu atadhani hakuna kinachoendelea kumbe kinaendelea nyumba ya pili.

Lugha ni Kiingereza, na sio Kiingereza cha kuombea maji, ni cha mawakili. Rasimu ya kurasa mia tatu kwao ni ya kawaida tu. Dawa yake ni kwamba kabla ya maneno ya kanuni yenyewe kuna utangulizi mrefu ambamo idara inaeleza inataka nini na kwa nini, na kwenye kanuni ya mwisho utangulizi huo unajibu komenti hoja kwa hoja, fulani alisema hivi, sisi tunasema hivi. Mimi naanzia hapo. Vifungu vyenyewe nawaachia wenye mishahara ya kuvisoma.

Sasa mitumba.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikaa wakakubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua, lengo ndani ya miaka mitatu iwe imeondoka ili viwanda vya nguo vya kwetu vipumue. Rwanda wakapandisha ushuru kutoka dola 0.20 kwa kilo hadi dola 2.50. Wengi tulikuwa tunalifuatilia kama mjadala wa huku kwetu, wauza mitumba wanalia, wenye viwanda wanashangilia. Kumbe Marekani kuna chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu na matambara kinaitwa SMART, na Machi 2017 kikaandika ombi kwa ofisi ya mwakilishi wa biashara wa Marekani, USTR, kikisema hawa jamaa wananufaika na AGOA, mpango wa Marekani kwa nchi za Afrika, yaani wanaingiza bidhaa kwetu bila ushuru, halafu wanatufungia biashara, na kwa madai yao ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Angalia walivyokipanga. Hawakwenda bungeni kupigania sheria mpya, walichukua masharti yaliyomo ndani ya AGOA tayari, yale yanayosema nchi iwe inaondoa vikwazo vya biashara na uwekezaji wa Marekani, wakaonyesha utaratibu uliopo wa kuomba nchi ichunguzwe nje ya ratiba ya kawaida. Chama ambacho nina hakika robo tatu yetu hatukuwahi kukisikia.

Juni mwaka huohuo USTR wakatangaza uchunguzi kwa Rwanda, Tanzania na Uganda. Kenya haikuingizwa kwa sababu ilikuwa imesharudi nyuma. Likafunguliwa jalada, maoni yakapokelewa kupitia hii hii Regulations.gov, Julai kukawa na kikao cha kusikiliza Washington na wawakilishi wa nchi zetu wakaenda kujieleza. Tanzania na Uganda wakalegeza. Rwanda wakakaza, na mwisho wa Julai 2018 wakasimamishiwa nafuu ya ushuru kwenye nguo.

Unaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu mitumba, mi mwenyewe kabati langu haliwezi kunitetea, lakini kama kipindi kile ungekuwa na tabia ya kufungua jalada ungesoma barua za kila upande na hoja zao. Barua ya SMART, majibu ya serikali, wafanyabiashara, wote wamo, kwa maandishi yao na saini zao. Huku habari zilitufikia zikiwa zimeshachujwa mara tatu, na mijadala yetu ikawa "mabeberu wanatuonea" dhidi ya "tuache ujinga", wakati kilichotokea ni kikundi kimoja cha wenye maslahi kuujua mlango, kupata afisa wa kukisikiliza, na kuwa na kifungu cha sheria cha kushikilia. Na ndo maana nasema thamani kubwa ya hii tovuti ni kusoma. Kwa kuandika ntakuwa mkali kidogo.

Tatizo la kuandika ni muda. Mlango wa maoni unafunguliwa rasimu ikishachapishwa, kwa kawaida siku 30 hadi 60, na kufikia hapo kazi kubwa ishafanyika. Ni kama kuitwa kikao cha harusi wakati ukumbi umelipiwa na kadi zimechapwa, utasikilizwa ndio, labda watakuweka kamati ya vinywaji. Kuna wasomi watatu, Wagner, Barnes na Peters, mwaka 2011 walichapisha utafiti wa kanuni 90 za EPA kuhusu hewa yenye sumu itokayo viwandani, wakahesabu mawasiliano yasiyo rasmi kabla rasimu haijatoka, simu, barua, vikao. Upande wa viwanda ulikuwa na mawasiliano mara 170 kuliko vikundi vya kutetea umma. Sio mara mbili, sio mara kumi. Na hata kipindi cha maoni kilipofunguliwa, viwanda vilichangia zaidi ya asilimia 80 ya komenti, vikundi vya umma karibu asilimia 4. Profesa mwingine, Krawiec, alifuatilia ile kanuni ya Volcker iliyotokana na sheria ya 2010 baada ya mabenki kuyumba, ya kuzuia benki kucheza na pesa kwa faida yake yenyewe, akapekua kumbukumbu za vikao vya mamlaka na watu wa nje kabla ya rasimu, zaidi ya asilimia 90 ya vikao vilikuwa na upande wa mabenki, vyama vyao na mawakili wao.

Hapa watu wanakimbilia kusema rushwa. Zipo sehemu zina rushwa, sibishi, lakini ukisoma majalada unaona kitu cha kawaida zaidi na kwa maoni yangu kigumu zaidi kukirekebisha. Afisa amepewa kazi ya kuandika kiwango cha moshi wa bomba la kiwanda cha saruji. Anahitaji kujua mtambo unafanyaje kazi, chujio linauzwa bei gani, kiwanda kikizimwa kufungwa chujio kinapoteza siku ngapi. Nani anajua hayo? Mwenye kiwanda. Kikundi cha wakazi wanaovuta huo moshi wanajua watoto wanakohoa, ila bei ya chujio hawaijui. Kwa hiyo afisa anampigia mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda anampa takwimu, na takwimu zina mwelekeo wake. Afisa huyohuyo anawaza mahakama, anajua kanuni ikitoka kuna mtu atamshtaki, bora ajue mapema nani analalamika nini akizibe. Hakuna bahasha hapo katikati. Ni mtu anataka kazi yake isimame.

Halafu kuna jambo ambalo lilinishangaza mpaka nikalielewa, mahakama zenyewe zimechangia. Msimamo wao ni kwamba kanuni ya mwisho lazima iwe imezaliwa na rasimu, yaani mtu aliyesoma rasimu angeweza kubashiri kwamba mambo yanaweza kuishia pale. Ukibadilisha kupita kiasi baada ya kusikia maoni, mtu atasema hatukupewa nafasi ya kulizungumzia hili jipya, unarudi mwanzo kutangaza upya. Nia ni nzuri, kuzuia watu kupigwa chenga, lakini afisa mwenye akili anajifunza nini? Anajifunza kutoa rasimu ikiwa imeiva kabisa ili asilazimike kuigusa. Kwa hiyo ile sheria ya kumlinda mtoa maoni inamfanya afisa amalize mazungumzo ya maana kabla mtoa maoni hajafika.

Na bado kuna kituo cha OIRA, kiofisi ndani ya ikulu yao, kilianzishwa na sheria ya 1980, Reagan akakipa meno 1981, Clinton akauandika upya utaratibu wake 1993. Kanuni nzito zinapita hapo mara mbili, kama rasimu na kama ya mwisho. Watu wa nje wanaruhusiwa kuomba kikao na OIRA wakati kanuni iko mezani, na orodha ya vikao hivyo inaanikwa, nani alikuja, ameacha karatasi gani. Sasa orodha hiyo haiko Regulations.gov, iko tovuti nyingine inaitwa RegInfo.gov. Rejista ya washawishi, wale wa kulipwa kwenda kuongea na wabunge na watendaji, nayo iko kwingine, chini ya Seneti na Baraza la Wawakilishi, kwa sheria ya 1995, wanaripoti kila robo mwaka pesa na mada bila kusema waliongea nini hasa. Na cha kuchekesha, komenti ya kwenye jalada la wazi haihesabiwi kama ushawishi kwa sheria hiyo. Kwa hiyo mtu akitaka picha nzima ya kanuni moja anafungua tovuti tatu au nne na kuziunganisha kwa kichwa chake. Hapa nakata nyota bila huruma, tangu 2003 mpaka leo hakuna batani kwenye jalada inayosema hebu nione vikao vyote vilivyofanyika kuhusu hili. Taarifa zipo, zote za serikali hiyohiyo.

Habari ya komenti feki lazima niitaje maana ndo watu wanaikumbuka. 2017 FCC walipotaka kufuta kanuni za usawa wa intaneti, zile za kuzuia kampuni za intaneti kubagua tovuti, zilimiminika komenti zaidi ya milioni 22, na 2021 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akatoa ripoti kwamba karibu milioni 18 zilikuwa feki. Milioni 8.5 zilitoka kwenye kampeni iliyolipiwa na kampuni za intaneti, ambapo vijikampuni vya kukusanya majina vilipewa kazi ya kupata watu wa kuunga mkono kufutwa kwa kanuni na vingi vikaamua kutunga au kutumia majina ya watu bila idhini. Upande wa pili haukuwa malaika, kijana mmoja wa chuo, miaka 19, alituma zaidi ya milioni 7.7 kwa majina ya kubuni akitetea kanuni zibaki. Kama nilivyosema FCC hawako Regulations.gov, kwa hiyo lawama ya tukio hilo isiende huku, ila ugonjwa ni uleule popote penye kisanduku cha wazi.

Na ajabu ni kwamba feki zote hizo zilitegemea imani kuwa wingi unashinda. Haushindi. Idara hailazimiki kufuata walio wengi, inalazimika kujibu hoja nzito. Barua laki moja za kukopi zinahesabiwa kama hoja moja iliyosemwa mara laki moja, kuna programu za kuzikusanya pamoja, afisa anasoma moja. Vikundi vinavyokuletea imeili ya "bonyeza hapa tukutumie maoni kwa jina lako" vinajua hilo vizuri sana, wao faida yao ni orodha ya imeili za wafuasi na kupata idadi ya kumwonyesha mbunge. Sisemi ni wizi, idadi kubwa inaweza kumshtua mwanasiasa, ila wewe uliyebonyeza ujue umechangia nini.

Ukitaka kujua komenti yenye meno inafananaje soma kesi ya samaki. FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, walitunga kanuni ya joto na chumvi kwa samaki wa kukaushwa kwa moshi, kuogopa sumu ya botulizimu, kanuni moja kwa samaki wote. Wauzaji wa samaki mmoja anaitwa whitefish wakasema kwa vipimo hivyo samaki wetu anaharibika, haliki, hauziki, na walitoa njia mbadala. FDA hawakulijibu hilo, na tafiti walizotegemea hawakuzianika. Mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikakataa kanuni hiyo kutumika dhidi ya kampuni ya Nova Scotia Food Products, kwa sababu huwezi kuacha swali kama hilo bila jibu. Wafuka samaki, jamani. Hawakuwa na barua laki moja, walikuwa na hoja moja mahususi yenye ushahidi, na iliandikwa kwenye jalada mahali ambapo jaji angeiona. Tangu hapo komenti nyingi za mawakili wazuri haziandikiwi afisa, zinaandikiwa jaji wa miaka mitatu ijayo, ukishalijua hilo unazisoma kwa jicho jingine kabisa, unaona mtu anapanga mawe ya kumpiga nayo mwenzie baadaye huku anaanza na "tunaishukuru mamlaka kwa nafasi hii".

Wingi umewahi kufanya kazi lakini, nisiseme uongo. Desemba 1997 wizara yao ya kilimo ilitoa rasimu ya nini kiitwe chakula cha ogani, yaani cha kilimo hai, ikaacha mlango wazi kwa mbegu za GMO, mionzi na tope la maji taka kama mbolea. Zikaja komenti zaidi ya 275,000, wakati huo hata hii tovuti haijazaliwa. Wizara ikarudi mezani, rasimu ya pili na kanuni ya mwisho ya Desemba 2000 zikaondoa vyote vitatu. Ila ukiangalia vizuri, wakulima na wanunuzi wa ogani walikuwa ndo soko lenyewe, wakigoma kuiamini lebo, lebo haina kazi. Wingi wao ulikuwa ni ushahidi. Hiyo ni tofauti na wingi wa hasira tu.

Kitu kingine ambacho watu hawakitumii, sheria ileile ya 1946 inamruhusu mtu kuomba kanuni itungwe, sio kusubiri rasimu. Oktoba 1999 mashirika 19 yaliiandikia EPA kuomba idhibiti gesi za magari zinazopasha dunia joto. EPA wakakataa 2003, ikaenda mahakamani, 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba gesi hizo ni uchafuzi kwa mujibu wa sheria ya hewa na EPA haiwezi kukwepa kwa sababu za nje ya sheria. Ombi la mashirika ambayo hayakuwa na kiti popote. Ilichukua karibu miaka minane, sawa, lakini ona lilipofika.

Nyota zangu basi. Kama maktaba ya kusoma nani anataka nini, nne na nusu kati ya tano, sijaona serikali nyingi zinazoanika barua za wenye pesa namna hii, na kwa watu wa data kuna mlango wa programu wa kuvuta majalada kwa mkupuo, ufunguo wake ni bure. Kama sehemu ya mtu wa kawaida kubadilisha mambo, mbili na nusu, na hiyo nusu nimeitoa kwa heshima ya wafuka samaki. Urahisi wa kutumia tatu, kile kisachi kinahitaji maombi.

Mwandishi wa habari za biashara, mtu wa chama cha wakulima au wasafirishaji, mwanafunzi wa sheria, hawa nawaambia waingie leo. Mwenye hasira za kumwaga asipoteze bando. Ukiamua kuandika, usiandike "napinga", andika ukurasa wa ngapi wa rasimu umekosea, takwimu gani haipo, na wewe una ipi, ambatanisha. Usisubiri rasimu vilevile, mara mbili kwa mwaka wanatoa orodha ya kanuni zinazopikwa, inaitwa Unified Agenda, iko RegInfo.gov, ukiona yako imo mtafute afisa aliyetajwa pale kama mwasiliani, jina na namba ya simu vipo wazi. Wenzako wa viwandani walishampigia.

Na angalieni saa. Mlango unafungwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Washington, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa moja kasoro dakika moja asubuhi ya kesho yake, na majira yao ya baridi inakuwa saa mbili kasoro dakika moja. Kwa hiyo aliyelala bila kutuma bado ana nafasi akiamka mapema.